Padre McGivney na mjane baada ya arobaini

Watu wengi parokiani kwetu hawamjui Padre Michael McGivney na siwalaumu, maana hayupo kwenye kalenda zetu za ukutani, sanamu yake sijawahi kuiona popote hapa Dar, na maisha yake ukiyapitia haraka haraka huoni ajabu yoyote. Hakwenda misheni ya mbali, hakuuawa kwa ajili ya imani, uaskofu hakuupata. Alikuwa paroko msaidizi, baadaye paroko kwenye kamji kadogo ka viwanda huko Marekani, akafariki akiwa na miaka 38, basi. Lakini mwaka huu nimemsoma sana na kila nikiendelea naona huyu ndiye padre ambaye watu wa jumuiya ndogo ndogo wangemwelewa mapema kuliko mtu yeyote, kwa sababu alichokifanya ni kile kile tunachokifanya sisi kila msiba ukitokea mtaani, ila yeye alikisogeza mbele hatua moja ambayo sisi tumeishia mlangoni mwake.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1852 Waterbury, Connecticut. Baba na mama, Patrick na Mary, walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na baba alikuwa kibarua wa kiwanda cha shaba, anamimina madini ya moto kwenye kalibu, joto na moshi kutwa nzima. Walizaa watoto 13, Michael kifungua mimba, na 6 kati yao walifariki wakiwa wadogo. Sita jamani. Mama anazaa, anazika, anazaa, anazika. Michael alikuwa mtoto mwenye akili sana shuleni, lakini alipofika miaka 13 akaacha shule akaenda kiwandani, kitengo cha kutengeneza vijiko, apate chochote cha kuleta nyumbani. Wito wa upadre alikuwa nao, ila baba yake hakutaka aharakishe, kwahiyo alisubiri mpaka miaka 16 ndo akaenda seminari, Saint-Hyacinthe huko Quebec, Kanada.

Alafu mwaka 1873, akiwa bado masomoni, baba yake akafariki.

Hapa ndipo mimi huwa nasimama kila nikisoma habari zake. Huyu ni kijana wa miaka 20, ndio mkubwa wa nyumba, mama ni mjane, wadogo zake wapo pale wanamwangalia. Sisi tunajua kwetu inavyokuwaga, ndugu wanakaa kikao, mtoto mkubwa anaambiwa sasa wewe ndio baba, na mambo ya shule yanaishia pale pale. Yeye naye alirudi nyumbani na hela ya kuendelea na masomo haikuwepo. Kilichomwokoa ni askofu wa Hartford aliyekubali jimbo limgharamie, akampeleka seminari ya Mt. Maria, Baltimore, na huko tarehe 22 Desemba 1877 akapewa daraja la upadre na Askofu Mkuu James Gibbons, ambaye baadaye alikuja kuwa kardinali. Siku chache baadae akaadhimisha misa Waterbury, mama yake mjane yupo kanisani. Sasa ukitaka kujua kwanini maisha yake yote yaliyobaki alikuwa anahangaika na wajane, sioni haja ya kutafuta sababu ya kiteolojia, jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi siku ile.

Alipangiwa parokia ya Mt. Maria, New Haven, akaanza kazi Krismasi ile ile ya 1877. Parokia yenyewe ilikuwa na mzigo. Kanisa jipya la mawe, kubwa, zuri, limejengwa Hillhouse Avenue, mtaa wa matajiri karibu kabisa na chuo kikuu cha Yale, na deni la ujenzi lilikuwa linawakaba koo. Wenye mtaa wao hawakufurahi hata kidogo, mpaka New York Times mwaka 1879 likaandika kwamba mtaa wa kifahari umeharibiwa na jengo la Wakatoliki. Unajua waumini wa kanisa lile walikuwa nani? Wafanyakazi wa ndani, vibarua wa viwandani, wajenga reli, watu wanaoamka saa 10 usiku. Yaani hata kusali walikuwa wanaonekana wanachafua mazingira. Na paroko mwenyewe alikuwa mgonjwa, kwahiyo huyu padre kijana akajikuta kabeba karibu kila kitu, misa, ubatizo, wagonjwa, katekesi, hadi kutafuta hela za deni.

Alikuwa mtu wa watu. Vijana aliwaandalia maigizo, safari za mapumziko, michezo (mwenyewe seminari alikuwa mchezaji wa besiboli), na akawa anasimamia chama cha vijana cha kuacha pombe, kwa sababu pombe ilikuwa inawamaliza. Nimependa hapo, maana mahubiri ya kukemea pombe tunayasikia kila Kwaresma, lakini kumtafutia kijana kitu kingine cha kufanya jioni ya Jumamosi ni kazi ambayo mapadre wachache sana wanakuwa na muda nayo.

Sasa tuje kwenye misiba. Miaka ile kibarua akifa, na walikuwa wanakufa sana na mapema, ajali za viwandani, nimonia, kifua kikuu, familia ilikuwa inasambaratika ndani ya wiki kadhaa. Mafao hakuna, hifadhi ya jamii hakuna, na bima ya maisha haikuwa kitu cha kibarua wa kazi za hatari. Mjane akishindwa kuonyesha kwamba anaweza kulea, mahakama inaingilia kati, watoto wanagawanywa, huyu kituo cha yatima, huyu kwa watu baki. Kulikuwa na vyama vya siri vilivyokuwa vinawapa wanachama wake msaada wa aina hiyo, lakini Kanisa lilikataza Wakatoliki kujiunga navyo, kwahiyo baba wa familia anabaki na chaguo gumu, aachane na Kanisa ili watoto wake wale siku akifa, au abaki na imani yake na watoto wabahatishe. Mapadre wengi walichofanya ni kukataza tu. McGivney aliona kwamba ukimkataza mtu ambaye watoto wake watalala njaa ni lazima na wewe uwe na kitu mkononi cha kumpa.

Kuna familia moja parokiani kwake, ya Downes. Baba Edward alikuwa muuza magazeti, akafariki mwaka 1881, akaacha mke, Catherine, na watoto 9. Kumbe biashara ilikuwa imechoka na madeni. Kijana mkubwa alikuwa anasoma Yale, na kwa Mkatoliki wa Kiairishi zama zile hilo lilikuwa jambo kubwa mno, akaacha masomo ili ashughulikie nyumba. Mahakama ya mirathi ikataka kila mtoto ambaye hajafikisha umri wa utu uzima awe na mlezi anayeeleweka, mwenye dhamana ya fedha nyuma yake, la sivyo mtoto anachukuliwa. Ndugu wakajikusanya wakaweza kwa baadhi. Akabaki Alfred, kijana wa rika la sekondari. Mwezi Februari 1882, pale mahakamani, jina la Alfred liliposomwa na kuulizwa nani atakuwa mlezi wake, aliyesimama alikuwa Padre McGivney. Akakubali ulezi mbele ya hakimu, kijana akarudi kwa mama yake.

Nimekaa mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi ya ndugu yetu, kwahiyo hiyo picha naiona kabisa. Benchi refu la mbao, watu wameshika bahasha za kaki zenye muhtasari wa kikao cha ukoo, mjane kajitanda khanga anaangalia chini, mashemeji wananong'ona, karani anaita majina. Pale ndipo unapojua nani ni nani. Waliolia sana makaburini huwa hawaonekani kabisa kwenye lile benchi. Na mimi kwa miaka yangu yote sijawahi kumwona padre amekaa pale, namwona akibariki kaburi, namwona kwenye misa ya arobaini, lakini mahakamani siku mjane anaulizwa maswali na watu waliokuja na wakili, hapana. Simsemi vibaya padre yeyote, wana kazi nyingi na vigango vingi. Nasema tu kwamba McGivney alikwenda.

Lakini padre mmoja hawezi kuwa mlezi wa kila mtoto wa kila marehemu, na hilo alilijua mapema. Hata kabla ya kesi ya Alfred alikuwa ameshaanza. Tarehe 2 Oktoba 1881 aliita wanaume kadhaa wa parokia chini ya kanisa, kwenye basement ya Mt. Maria, akawaeleza wazo lake. Alisafiri mpaka Boston na Brooklyn kwenda kuangalia vyama vya Wakatoliki vya kule vinaendeshwaje, akarudi akaona bora waanzishe cha kwao. Jina likachaguliwa Knights of Columbus, kwa heshima ya Christopher Columbus, ili Wakatoliki waliokuwa wanaambiwa sio Wamarekani kamili waweze kusema hata huyo mnayemsifu alikuwa Mkatoliki mwenzetu. (Habari ya Columbus na wenyeji wa kule ina machungu yake na leo inajadiliwa sana, lakini mwaka 1882 kwa watu wanaodharauliwa lile jina lilikuwa ngao.) Tarehe 29 Machi 1882 chama kikasajiliwa rasmi Connecticut. Mkuu wa kwanza hakuwa padre, alikuwa James Mullen, askari mstaafu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. McGivney mwenyewe akachukua ukatibu. Fikiria hilo, mwanzilishi wa chama ndio anaandika barua na kumbukumbu za vikao, na uongozi kawaachia walei, yaani waumini wasio mapadre, miaka 80 kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuanza.

Utaratibu wenyewe mtu yeyote wa kikoba angeuelewa bila kufundishwa. Mwanachama akifariki, wote waliobaki wanachanga dola 1 kila mmoja, na mjane anapelekewa hizo hela, lengo likiwa afikishiwe dola 1,000 pale wanachama watakapokuwa wa kutosha. Mwanachama akiugua asiweze kwenda kazini naye anasaidiwa. Kwenye barua aliyowaandikia mapadre wenzake mwaka 1882 alitaja makusudi ya chama, kuwaepusha watu na vyama vya siri kwa kuwapa faida zile zile au zaidi, kusaidiana kwenye ugonjwa, kuzikana kwa heshima, na kuzipa familia za marehemu msaada wa fedha.

Hayo ya mwisho nimeyarudia mara nyingi. Kuzikana kwa heshima tunajua, tena tunajua sana, sidhani kama kuna watu duniani wanazika kama sisi. Mwaka jana kwenye jumuiya yetu alifariki baba mmoja fundi wa kuchomelea, mtu mpole, mageti karibu yote ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake. Ndani ya saa chache turubai limesimama, viti vimeshuka, grupu la wasap limeshafunguliwa, watu wanatuma hela kwa simu, kina mama wameshagawana zamu za jikoni. Mimi nilikuwa kamati ya fedha, kwahiyo daftari la rambirambi nililishika mwenyewe, lile kaunta buku lenye jalada gumu, jina na kiasi, jina na kiasi, kurasa na kurasa, mpaka bibi muuza mihogo wa pale kona ameandikwa shilingi 2,000. Ukurasa wa mwisho ndio wa matumizi. Jeneza. Coaster za kwenda makaburini. Mchele, nyama, maji ya chupa. Saundi. Shada. Mpiga picha. Nikapiga jumla, tukamkabidhi mama salio mbele ya mashahidi, akasaini, makofi, sala ya kufunga.

Kwenye ile orodha hakuna mahali palipoandikwa sare za shule. Hakuna kodi ya nyumba ya miezi inayofuata. Hakuna mtaji. Sio kwamba tulibishana tukakataa, hakuna aliyewaza, mimi nikiwa mmojawapo na kalamu nilikuwa nayo mimi. Baada ya arobaini turubai liko kwa mtu mwingine, grupu la wasap limegeuka kuwa la kutakiana asubuhi njema, mama kapunguza vyumba, yule binti mkubwa kapelekwa kwa baba mdogo mkoani eti asaidie dukani kwanza, shule itaangaliwa mwakani. Watu wazuri, wakarimu, walitoa kwa moyo kabisa. Hela ilikuwepo, ilikuja yote kwa siku tatu na ikaliwa kwa siku tatu.

Ndo maana namuona McGivney kama mtu aliyeielewa sadaka kuliko wengi. Huruma ilikuwepo New Haven kabla yake, Waairishi nao kwa kukesha na marehemu na kulisha watu hawajambo. Yeye aliichukua huruma ile ya siku tatu akaiwekea katiba, daftari, michango inayojulikana na mtu wa kuulizwa, ili mjane asitegemee watu wameguswa kiasi gani wiki ile. Kuna watu wakisikia katiba na viingilio wanaona ni mambo ya kibiashara, kwamba upendo wa kweli ni mtu kutoa kadiri alivyoguswa. Mimi nadhani aliyewahi kufiwa hasemi hivyo. Mjane anayejua kiasi gani kinakuja na lini anaweza kukaa na mwenye nyumba akaongea naye. Asiyejua anabaki kuombaomba, na kuombaomba kunamla mtu.

Tusidhani chama chake kilikwenda vizuri moja kwa moja. Mwanzo ulikuwa mgumu, watu walisuasua, mapadre wengine walimwona anawaletea utaratibu wa vyama vya siri ndani ya Kanisa. Alivumilia, akaandika barua na kujibu barua, mwezi Mei 1883 likafunguliwa tawi la pili kule Meriden, kisha mengine yakafuata. Na ule mpango wa kila mtu dola 1 ulikuwa na kasoro, kijana wa miaka 20 anachanga sawa na mzee anayekaribia kufa, na kadri wanachama wanavyozeeka misiba inaongezeka, ndipo baadaye chama kikahamia kwenye hesabu za kibima zinazoangalia umri. Mliopo kwenye mifuko ya maafa hilo mlishike, mifuko mingi ya kwetu inaanza kwa furaha watu wote wakiwa vijana, inakuja kufa pale misiba minne inapogongana mwezi mmoja na hakuna aliyepiga hesabu.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na James Smith, watu walimwita Chip, kijana wa miaka 21 aliyempiga risasi akamuua mkuu wa polisi wa Ansonia akiwa amelewa. Alihukumiwa kunyongwa. McGivney alikuwa anamtembelea gerezani, sio mara moja kwa mwezi, alikuwa anakwenda siku baada ya siku, anasali naye, anakaa naye, mpaka yule kijana akabadilika kabisa na mji mzima ukaona. Tarehe 1 Septemba 1882, asubuhi ya kunyongwa, walikuwa pamoja mpaka mwisho. Huyu ni padre huyo huyo ambaye mwaka huo huo anasajili chama, anakwenda mahakamani kwa ajili ya Alfred, na anahangaika na deni la kanisa, akiwa na miaka 30. Hapa hakukuwa na chama wala mchango wala dola, ni kumkalia mtu mmoja ambaye hakuna kitu chochote atakachoweza kukurudishia. Nafurahi kwamba mambo haya mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja, kwa sababu bila hili ningemwona kama mhasibu mwenye kanzu.

Novemba 1884 akahamishwa, akapewa uparoko wa Mt. Thoma huko Thomaston, mji wa kiwanda cha saa. Waumini wa New Haven waliumia sana kumpoteza. Kule nako wengi walikuwa vibarua, mapato kidogo, na juu yake alikuwa na kigango cha kuhudumia. Ukatibu alikuwa ameshauacha, akawa mlezi wa kiroho wa chama. Mwili ulikuwa umechoka. Januari 1890 akapata nimonia, ikaenda ikirudi, dawa za wakati ule hazikumsaidia, na tarehe 14 Agosti 1890, siku mbili baada ya kutimiza miaka 38, akafariki. Akazikwa Waterbury alikozaliwa, na umati uliokuja ulikuwa mkubwa sana kwa padre wa parokia ndogo. Chama kilikuwa na matawi 57 tayari. Wadogo zake wawili, Patrick na John, nao walikuja kuwa mapadre, na kila mmoja kwa wakati wake alishika ile nafasi ya ulezi wa kiroho aliyoiacha kaka yao. Mwaka 1982 chama kilipotimiza miaka 100, mabaki yake yakawa yameshahamishiwa kanisa la Mt. Maria, New Haven, na ndipo yalipo mpaka leo.

Leo chama kina wanachama zaidi ya milioni 2, Marekani, Kanada, Meksiko, Ufilipino, Polandi, hadi Ukraine na Korea Kusini. Ule mchango wa dola moja umekuwa kampuni ya bima yenye thamani ya mikataba inayozidi dola bilioni 100. Wanawapa watoto makoti wakati wa baridi, wamenunua mashine za ultrasound kwa ajili ya kina mama wajawazito wasio na uwezo, wamebeba michezo ya Special Olympics, ya watu wenye ulemavu wa akili, tangu mwanzo wake 1968, wamesaidia Wakristo wa Iraki waliofukuzwa kwenye nyumba zao na wakimbizi wa vita vya Ukraine. Vita vya kwanza vya dunia walifungua vibanda vya kupumzikia askari, karibu ni kwa wote na kila kitu bure, haijalishi dini yako ni ipi.

Sitaki nifiche na upande wa pili. Matawi mengi yalikuwa yanawanyima Wakatoliki weusi uanachama, na hilo ndilo lililofanya mwaka 1909 huko Mobile, Alabama, kianzishwe chama cha Knights of Peter Claver kwa ajili yao, na kipo mpaka leo, kikubwa na chenye nguvu. McGivney alikuwa ameshafariki zamani. Lakini inauma, kwamba chombo alichokitengeneza kwa ajili ya watu wanaodharauliwa kilifika mahali nacho kikachagua nani wa kudharau. Wanachama wa leo wanaompenda kweli wanalisema wazi, na nadhani ndio njia sahihi ya kumheshimu.

Kesi ya kumtangaza mtakatifu ilifunguliwa Hartford mwaka 1997. Machi 2008 Papa Benedikto wa 16 akatambua fadhila zake za kishujaa. Muujiza uliokubaliwa ulihusu mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake, maji yalikuwa yamejaa mwilini mwake na madaktari wakasema hatapona, familia ikamwomba Padre McGivney awaombee, na mwaka 2015 mtoto akazaliwa hai. Papa Fransisko akauidhinisha Mei 2020, na tarehe 31 Oktoba 2020, katikati ya korona, watu wamevaa barakoa na kukaa mbalimbali, akatangazwa Mwenyeheri katika kanisa kuu la Mt. Yosefu, Hartford. Kumbukumbu yake ni tarehe 13 Agosti, katikati ya siku aliyozaliwa na siku aliyofariki. Bado muujiza mmoja ndio aitwe mtakatifu. Cha kunifurahisha, mapadre wa parokia waliotangazwa sio wengi ukilinganisha na watawa na mapapa, na hawa ndio tunaokutana nao sisi, wanaotubatizia watoto na kutuzikia wazazi.

Mimi nimeshaandika hoja ya kupeleka kwenye kikao cha jumuiya, na nikipata nafasi nitaongea na UWAKA na WAWATA pia, vyama vyetu vya wanaume na wanawake Wakatoliki. Sijaiga kila kitu cha New Haven, ni mambo machache tu. Kila rambirambi zinapokusanywa, kabla hata jeneza halijachaguliwa, sehemu itengwe isiguswe, iwekwe akaunti, itoke kidogo kidogo kwa mwaka mzima kwa ajili ya watoto. Elimu ni bila ada najua, lakini sare, madaftari, nauli na michango vinamtoa mtoto shule kama kawaida. Saundi na mpiga picha anayetaka alipie mwenyewe. Na wachaguliwe watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao kazi yao ni kwenda na mjane mahakamani na benki mpaka mirathi iishe. Wawe watu wasioogopa mashemeji.

Najua wapo watakaosema tunaaibisha marehemu kwa kubana matumizi ya msiba. Wapo pia watakaouliza hela zitakaa kwa nani, na hilo ni swali la haki kabisa, kwahiyo nimeweka kwamba watia saini wawe watatu na mama mwenyewe awe mmojawapo, na taarifa isomwe kila baada ya miezi mitatu pale pale jumuiyani.

Kama kwenye parokia yenu mnao mfuko wa namna hii na umevuka miaka kadhaa bila kufa, naomba mniandikie hapo chini mnauendeshaje, hasa mnafanyaje misiba ikifuatana, na mnafanyaje kwa familia ambayo marehemu hakuwa anachangia. Hilo la pili kwenye hoja yangu bado liko wazi na kikao ni Jumamosi.